Nguzo ya Saba Kwenye Maporomoko ya Wagenia

Ijumaa iliyopita ofisi ilinipa saa ya ukutani, kofia mpya ya majani ambayo ningeihitaji miaka thelathini iliyopita, na keki iliyoandikwa kwa sukari ya buluu: PAPA KARNE TATU. Saa ilisimama Jumamosi asubuhi. Mke wangu anasema nayo imestaafu. Keki ililiwa yote, lakini lile jina limebaki, na nimegundua kwamba ninyi vijana wa kazi mnaoniita hivyo mnadhani ni kwa sababu ya umri wangu. Hapana. Jina hilo nililipata kwa kosa, na kosa lenyewe ndilo nataka niwaandikie kabla kalamu haijafuata mfano wa saa.

Mjue mapema mnamsoma nani. Nilimaliza shule ya jioni kule Kabondo nikiwa mzee kuliko mwalimu wa hesabu. Tulisomea katika darasa la watoto wadogo, kwenye viti vya watoto wadogo, magoti yakiwa juu ya masikio, na umeme wa Tshopo ulikatika kila tulipofika kwenye kugawanya. Ndiyo maana kuzidisha ninakuweza vizuri zaidi. Namba zangu zote basi mzigawe kwa mbili. Mgeni mmoja ndiye aliyenipa ushauri huo akidhani ananitukana, mimi nikaona ni kanuni nzuri.

Kuhusu kupanda cheo sitasema kitu. Ngazi yetu ilikuwa na kidato kimoja, na juu yake alikuwa amekaa mtu.

Kabla ya kuongoza wageni nilikuwa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mto wa sponji nyuma na kengele mbele. Abiria wangu wa kila asubuhi alikuwa Maman Philo, mama mfupi aliyewahi kufundisha jiografia, na ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa waongozaji katika ofisi yetu. Nilimbeba kutoka Kabondo hadi katikati ya mji, na njia nzima nilikuwa nasema: nyumba ile ilijengwa na nani, mwembe ule ulipigwa na radi lini, nani alimwoa nani. Alivumilia karibu mwaka mzima. Asubuhi moja alishuka, akafungua mwavuli wake mweusi, akaniambia:

"Mutoto, unasema kupita redio. Kesho kuya ku bureau, usemeye kule. Kule watu wanalipa kwa kusikia."

Nikaenda. Baiskeli nilimwachia mdogo wangu, na hadi leo anasema nilimwachia deni la matairi.

Siku ya kwanza Maman Philo alinipa vifaa vitatu. Mwavuli, kwa jua, kwa mvua na kwa kuonyeshea vitu vya mbali. Viatu vya plastiki vyenye matundu, kwa sababu viatu vya ngozi juu ya miamba ya maporomoko ni sawa na sabuni. Na kaye, daftari la kurasa mia lenye jalada gumu, ambalo kila ukurasa wake aliugawa kwa rula kuwa safu tatu. Ya kwanza aliiandika *Nimeona*. Ya pili, *Nimeambiwa, na nani*. Ya tatu, *Sijui*.

"Hii ya tatu ni ya nini, Maman?" nikauliza.

"Iko ya heshima," akajibu, na hakueleza zaidi.

Miaka kumi ya kwanza safu ile ya tatu nilichoramo picha za samaki.

Alinifundisha kuuanza mji bandarini, nami nawaomba msibadilishe hilo. Wageni wakifika hapa kwetu huuliza swali moja: kwa nini kuna mji mkubwa hivi mahali ambapo ramani zao zinaonyesha msitu mtupu? Wapeleke kwenye gati, waonyeshe kreni zenye kutu na mashua zilizolala ubavu. Waambie masua, meli ya mtoni, kutoka Kinshasa hupanda mto wiki kwa wiki, na ikifika hapa haiendi tena mbele, kwa sababu juu kidogo maji yanaruka miamba. Mji huu ni pale mizigo iliposhushwa. Watu waliokuja na mizigo nao wakashuka, wakajenga. Basi. Mwenye kuelewa hilo ameelewa Kisangani, kanisa kuu lenye minara yake mbele ya mto, posta, nyumba za ghorofa zenye veranda ndefu na kila kitu. Lakini karatasi ya ruhusa ya picha iwe mfukoni kabla hamjafika bandarini, na iwe na mihuri mingi kuliko inavyohitajika. Muhuri mmoja huzaa maswali. Minne huleta kiti.

Kisha mnavuka kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya kushoto, Lubunga, kuona kituo cha treni. Treni ilichukua mizigo pale masua iliposhindwa, ikaizungusha maporomoko hadi Ubundu. Baba yangu alikuja hapa kwa treni hiyo akitokea Maniema, na mfuko wa mchele na kuku mmoja. Nikiwa na wageni, kuku huyo aliongezeka mwaka hadi mwaka. Mara ya mwisho nilipowahesabu walikuwa kumi na wanne.

Kesi ngumu nilizipata nyingi, lakini moja nitaitaja kwa sababu mtakutana na ndugu zake. Alikuja mzee mmoja aliyezaliwa hapa, akaondoka akiwa mtoto, na mkononi alikuwa na ramani yenye majina ya barabara ambayo hakuna anayeyatumia tena. Alitaka nyumba yao. Tulizunguka siku mbili. Mimi nilikuwa tayari kumwonyesha nyumba yoyote nzuri yenye veranda na kumwambia ndiyo hii, maana alikuwa amechoka na mimi pia. Maman Philo, aliyekuja nasi siku ya pili, aliuzuia mkono wangu kwa mwavuli. Tukaendelea. Mchana tukaipata, nguo zimeanikwa kila mahali, na mama wa nyumba akampa papai kutoka kwenye mti ambao yule mzee alisema ulikuwapo, ingawa mpapai hauishi miaka hiyo yote. Alilia akilila. Siku ile nilijifunza kwamba kuna watu wanaotembelea mji wetu kama dawa, na dawa ya uongo inaua. Nilijifunza, nikaandika, nikasahau.

Sasa tuje kwenye maporomoko.

Ninyi mnayajua, lakini huenda karatasi hii itasomwa na mtu wa mbali. Pale Wagenia maji ya mto mzima yanapita kati ya miamba kwa kelele ambayo inakufanya uone midomo ya watu bila kuwasikia. Wavuvi husimamisha miti mikubwa ndani ya matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za porini, kisha huning'iniza ndani ya maji yanayokimbia vikapu virefu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki akiingia, nguvu ya maji inamkaza hapo. Maji yakijaa sana miti hubebwa, yakipungua husimamishwa upya, lakini matundu hayasogei, na kila tundu lina jamaa yake. Mahali pa jamaa moja sisi tunapaita nguzo, ingawa ni miti mingi. Baba humwachia mtoto.

Siku ya kwanza kabisa nilipofika pale na Maman Philo, tulienda kwanza kumsalimu mkuu wa kijiji, kama mnavyofanya, kisha tukashuka kwenye miamba. Kwenye nguzo ya saba, ukihesabu kutoka mwamba mweupe, alikuwepo mtu mwembamba anayeitwa Raphaël. Maji ya pale ni makali na samaki wake ni wakubwa, mmoja nusura anivute mtoni pamoja na viatu vyangu vya plastiki. Raphaël alitupikia liboke, samaki ndani ya majani, na mimi nikaandika kwenye kaye, safu ya kwanza: *Nguzo ya saba, Raphaël anapandisha kikapu.* Safu ya pili: *Ni ya baba yake. Ameniambia mwenyewe.*

Miaka kadhaa baadaye Raphaël aliugua. Nilikuwa nimekaa pale mwambani siku alipomwita rafiki yake Bosco, mwenye nguzo ndogo karibu na ukingo ambako maji hayana nguvu, akamwomba amtunzie nguzo ya saba hadi watoto wake wakue. Bosco alikubali akilia. Nikaandika hilo pia, tena kwa mwandiko mzuri. Raphaël hakumaliza msimu huo. Mjane wake, Maman Albertine, alichukua watoto wawili wa kiume, wadogo bado, akaenda kwa kaka zake Bengamisa kulima.

Bosco akabaki. Na Bosco, lazima niseme, alikuwa zawadi kwa mwongozaji. Mtu wa kifua, mabega kama mlango wa kanisa, akisimama juu ya miti ile na maji meupe chini yake, wageni walikuwa wanapiga picha hata bila kuondoa kifuniko cha kamera. Walikuwa wanauliza: huyu ni nani? Mwanzoni nilieleza vizuri. Kwamba nguzo si yake, kwamba kuna rafiki aliyekufa, kwamba kuna watoto Bengamisa. Lakini ilikuwa saa saba mchana, wageni wameanza bandarini tangu asubuhi, jua lingeweza kukaanga yai juu ya kofia yangu, na ili nisikike nilikuwa napiga kelele kwenye sikio la kila mmoja kwa zamu. Hadithi ndefu haifai mahali pa kelele. Nikaifupisha. Nikasema: "Huyu ni Bosco. Nguzo hii ni ya ukoo wake."

Wakafurahi. Wiki iliyofuata nikaongeza karne moja. Wageni wa Pasaka nikawapa mbili. Kufikia mvua za mwaka ule ukoo wa Bosco ulikuwa umelinda nguzo ya saba kwa karne tatu, na hapo nikasimama, maana hata mimi nina haya.

Bosco alikuwa anasimama pale pale nikisema hayo yote. Aliendelea kukaza kamba zake. Mimi nilidhani anacheka moyoni.

Halafu ikaja karatasi. Mtu mmoja mwenye mashine ya kuchapa alitaka kutengeneza kijikaratasi cha kukunja cha kuwapa wageni hotelini, akaniomba maneno. Mimi, mtoto wa shule ya jioni, maneno yangu yachapwe. Niliandika usiku na mchana kurasa arobaini, yakaingia maneno kumi na moja. Upande wa mbele kulikuwa na picha ya Bosco, na chini yake: *Bosco wa nguzo ya saba. Ukoo wake umeilinda kwa karne tatu.* Nilimpelekea moja, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpelekea Maman Philo nyingine, wakati huo alikuwa amestaafu na anaishi Tshopo. Alisoma, akaikunja, akaniuliza kama nimekula.

Miaka ikapita. Nisiwachoshe.

Asubuhi moja, maji yakiwa yameanza kupungua, motopikipiki mbili zilisimama mbele ya ofisi zikiwa nyekundu kwa vumbi la barabara ya Bengamisa. Akashuka Maman Albertine na vijana wawili warefu ambao walikuwa na uso wa Raphaël, mmoja nusu ya juu na mwingine nusu ya chini. Alikataa kiti. Alinieleza kwamba amekwenda maporomoko na watoto wake kusimamisha miti, kwa sababu wamekua, na Bosco amewaambia nguzo ni yake. Wazee waliojua habari wamekufa. Waliobaki, nusu ni jamaa za Bosco na nusu ni jamaa za marehemu, na kila upande unajua vile unavyotaka. Mkuu wa kijiji ni mpya. Ameita watu Alhamisi.

"Papa Musafiri," akasema, "ulikuwa pale siku Raphaël alimwachia Bosco ile nguzo. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe."

Nikamwambia ile siku iko mbali sana.

"Ulikuwa unakula liboke yangu," akasema. "Uliikula yote. Ile nayo iko mbali?"

Nilitazama meza. Nilimwambia kwamba mimi ni mwongozaji tu, mambo ya ukoo si kazi yangu, mtu wa ofisi haingii. Hakupandisha sauti. Alinionyesha vijana wake kwa kidevu.

"Kaka zangu walishagawanya udongo ku Bengamisa. Watoto ya dada hawakuhesabiwa. Maji yakipanda tena bila sisi kusimamisha miti, iko mwisho, watu watasema iko ya Bosco. Hatuna kitu ingine, Papa. Tuko na ile nguzo tu."

Wakaondoka. Nikabaki na kile kijikaratasi mezani, Bosco ananitazama kwa kifua chake.

Nawaambia ukweli, nilianza kutafuta safari. Nilifikiria kuwa na wageni kule Yangambi siku ya Alhamisi, wageni ambao hawakuwepo. Nilijua nikisema kweli, hoteli zote zitacheka, na mwongozaji asiyeaminika ni toleka bila mnyororo. Nilijua pia nitampoteza Bosco, na Bosco alikuwa rafiki yangu. Jumatano nilikwenda Tshopo kwa Maman Philo. Nilimweleza kila kitu kwa saa nzima, na sababu zangu zote, zilikuwa nyingi na nzuri. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja:

"Kaye iko wapi?"

Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mende walikuwa wamekula pembe, lakini wino ulikuwepo.

Alhamisi watu walikusanyika kwenye miamba yenyewe, mbele ya nguzo, maana desturi ya pale ni kwamba neno la mahali husemwa mahali. Taabu ni ile kelele ya maji. Kwa hiyo huwa kuna mtu wa kurudisha maneno. Anasimama karibu na msemaji, anasikiliza, kisha anageuka na kuwatolea watu wote kwa sauti kubwa. Siku ile alikuwa Papa Dédé, mtu mwenye koo ambalo lingeweza kuita masua kutoka Bumba.

Maman Albertine alisema yake, Papa Dédé akarudisha. Bosco akasimama. Alitoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kijikaratasi changu, safi kama kilichochapwa jana.

"Mukubwa, angalia," akasema. "Hii imepigwa ku mashine. Watu ya ulaya wako nayo manyumbani kwao. Na mwenye kuandika iko hapa. Mumuulize yeye."

Mkuu wa kijiji alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akampa mwanawe amsomee sikioni. Kisha akaniita.

"Papa Musafiri. Hii maneno iko yako?"

"Iko yangu, Mukubwa."

"Iko kweli?"

Hapo nilianza hotuba. Nilisema kwamba kazi ya kuongoza wageni ina namna yake. Kwamba mtu anapamba kidogo, kama vile mama anavyotia chumvi kwenye mboga ya pondu, si kwa ubaya. Kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa ndefu, jua kali, kelele nyingi, na wageni wanapenda jambo fupi na la zamani. Kwamba karne ni kipimo ambacho wasomi wenyewe hubishania. Kwamba nilikuwa na nia ya kuutukuza mji wetu, ambao hakuna anayeutazama. Nilisema vizuri sana. Sijawahi kusema vizuri hivyo.

Papa Dédé alisikiliza hadi mwisho, sikio lake karibu na mdomo wangu. Kisha akageuka, akajaza kifua, akawatangazia watu wote:

"Anasema alidanganya."

Nilishika mkono wake nimsahihishe. Alinitazama akingoja niseme ni neno gani amekosea. Nililitafuta. Sikulipata.

Basi nikafungua kaye. Nikasoma polepole, na safari hii alirudisha neno kwa neno: nguzo ya saba, Raphaël, ni ya baba yake, ameniambia mwenyewe. Na ukurasa wa mbele zaidi: Raphaël anaumwa, amemwomba Bosco amtunzie mpaka watoto wakue, Bosco amekubali, nimeona na nimesikia. Jamaa za Bosco walitazama maji.

Bosco ndiye aliyekuja karibu yangu. Nilidhani atanipiga, na kwa mabega yale ningefika bandarini bila mtumbwi. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini, kwenye sikio langu, bila kumpa Papa Dédé:

"Musafiri, miaka yote ile ulisema mbele yangu. Hukucheka hata siku moja. Mimi nikawaza labda uko na kitu unajua, mimi sijue."

Halafu akashuka mwambani akaenda kwenye nguzo yake ndogo ya ukingoni, na kijikaratasi alikiacha juu ya jiwe.

Mkuu wa kijiji aliirudisha nguzo ya saba kwa watoto wa Raphaël. Hakumtoza Bosco kitu, maana aliitunza kweli, miti yake ilikuwa imara. Mimi alinitazama tu. Ningependa angenitoza.

Wiki iliyofuata nilizunguka hoteli zote kukusanya vijikaratasi. Nilipata boksi mbili, mke wangu akawashia mbabula, jiko letu la makaa, miezi mitatu, na kila tukila alisema chakula hiki kimepikwa na ukoo wa kale. Pale ofisini wenzangu wakaanza kuniita Papa Karne Tatu. Kwa mwaka mzima wageni waliletwa kwangu wale tu ambao hawakuuliza maswali. Nikaanza kuitumia ile safu ya tatu, ya *Sijui*. Mtu akiniuliza mnara ule una umri gani, nilisema sijui, ngoja nikuulizie. Mwanzoni neno hilo lilinikwama kama mwiba wa samaki. Baadaye nikaona ajabu: mgeni ukimwambia hujui kitu kimoja, anaanza kuyaamini yale mengine tisa.

Vijana wa Albertine walikuwa wakulima. Mihogo waliijua, maji hayakuwajua. Kikapu chao cha kwanza kilikwenda na mto mchana ule ule, cha pili kesho yake. Bosco aliwatazama kutoka kwenye jiwe lake siku mbili. Siku ya tatu alikuja, bila salamu, akafungua fundo lao, akalifunga upya. Nilikuwepo na wageni wawili. Nilimsikia akiwaambia, "Baba yenu hakufunga hivi," halafu akaenda zake. Alirudi kesho yake na siku nyingine nyingi. Mimi aliniamkia kila nilipofika, mbote, mbote, kwa adabu kamili, kama unavyomwamkia mtu wa kodi. Utani wetu wa zamani ulikwisha. Hata kamera alikuwa anaikwepa.

Ikawa hivyo miaka tisa, na hiyo tisa msiigawe.

Mwezi uliopita niliongoza kundi langu la mwisho. Watu watano, wapole, wamekuja na masua na bado miguu yao ilikuwa inayumba. Bandari, Lubunga, kanisa, yote kwa utaratibu wa Maman Philo, apumzike kwa amani, kisha maporomoko. Kwenye nguzo ya saba walikuwepo vijana wawili ndani ya maji, sasa wana mabega yao wenyewe, Maman Albertine amekaa mwambani anafunga majani ya liboke, na Bosco, mvi kichwani, amekuja kuazima kamba. Mgeni mmoja akainua kamera kumwelekea Bosco. Kifua kile bado kinaita. Bosco akatoka kwenye picha hatua mbili, akamwonyesha Albertine kwa mkono: mwenyewe ni huyu.

Mgeni akaniuliza kwenye sikio jamaa hii iko hapa tangu lini.

"Sijui," nikasema. "Tumuulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Maman Albertine alifikiri, jani mkononi.

"Bwana wangu aliipata kwa baba yake. Baba yake aliipata kwa babu. Nyuma ya pale, mimi sijue."

Nikatafsiri hivyo hivyo, sikuongeza hata kuku. Hapo Bosco, amenipa mgongo, anakunja kamba yake kwenye kiwiko, akapaza sauti:

"Karne tatu."

Albertine aliangusha jani. Vijana walicheka hadi mmoja akashika mti asianguke. Wageni hawakuelewa, wakacheka kwa kuwa tunacheka. Na Bosco akageuka, akanitazama usoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilitoa kaye pale pale, juu ya mwamba. Ilikuwa imebaki mistari michache kwenye ukurasa wa mwisho. Nikaandika kwenye safu ya kwanza: *Bosco amecheka. Nimeona.*

Kaye nimewaachia pale ofisini, kwenye droo ya meza yangu, upande wa kulia. Droo haihitaji ufunguo.